Shoti si Tiba, na Tiba si Shoti

Nataka kusema juu ya neno moja dogo, maana neno hili dogo lawazuia watu wazima wasiende hospitali, na wengine waliokwisha kufika huko huwatoa mbio kabla hawajatibiwa. Neno lenyewe ni shoti. Twalisikia mashineni tunakosaga unga, twalisikia sokoni Sumbawanga na mnadani Laela. Akitajwa tu mtu aliyepatwa na ugonjwa wa akili, hakosi msemaji wa kusema, "Wakimpeleka Mirembe watampiga shoti." Hapo hapo shauri la ndugu huvunjika. Mama hulia, wajomba hutazamana, na mgonjwa hurudishwa kwa mganga wa kienyeji, au hufungwa kamba nyuma ya nyumba asionekane na wageni.

Nilipomweleza ndugu mmoja, mtu aliyesoma kunishinda, kwamba nataka kuandika juu ya jambo hili, alinicheka. Alisema, "Mwalimu, jina si kitu. Mwanakijiji hajali kitu kinaitwaje, ajali kama kinaponya." Maneno yake ni matamu, lakini si kweli. Na tutazame degedege. Mtoto ashikwa na homa kali ya malaria, akakakamaa, akageuza macho. Watu wa kale waliita hali hiyo kwa jina la dege, yaani ndege mkubwa apitaye usiku juu ya nyumba, na jina likaamua dawa. Kwa kuwa ni ndege, hospitali haimwezi. Tena ikasemwa kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa. Utafiti uliofanywa Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 1996 ulieleza wazi jinsi wazazi walivyopeleka watoto kwa waganga kwanza kwa ajili ya jambo hilo. Je, watoto waliozikwa kwa sababu hiyo, jina halikuwa kitu kwao? Kadhalika neno wazimu. Asemaye "ana wazimu" amekwisha kutoa hukumu kwamba wako wazimu ndani ya mtu yule, nao hutolewa kwa ngoma na kafara, si kwa vidonge.

Basi na tulichunguze hili shoti, lilikotoka na maana yake, tuone kama lastahili kukaa kitandani pa mgonjwa.

Katika Kiswahili cha zamani kwenda shoti ni kwenda mbio kama farasi. Hilo silo tunalolitafuta. Shoti ya siku hizi ni neno la mafundi wa umeme, nao walilipata kwa Waingereza, na maana yake ni "fupi" tu. Nguvu ya umeme hutoka mahali, hupita katika waya, hufanya kazi katika taa au mashine, kisha hurudi. Waya mbili zilizochubuka zikigusana njiani, nguvu haiendi tena taani; hupata njia ya mkato, huenda kwa wingi mno, waya huwa nyekundu kwa joto, na pengine nyumba huungua. Hiyo ndiyo shoti: njia fupi, tena njia ya makosa. Baadaye watu wakaliongeza neno hilo hata kwa mtu aliyegusa waya akarushwa. Wengine hudhani kwamba latoka katika lile neno la Kiingereza la mshtuko, kwa kuwa yanakaribiana masikioni. Lakini neno hilo lingekuwa kwetu shoki, wala si shoti.

Sasa mwone mtu asemaye kwamba daktari humpiga mgonjwa shoti. Anasema nini? Anasema kwamba daktari alichukua waya zilizochubuka, akazigusisha kichwani mwa mtoto wa watu, akangoja moto uwake. Anayataja makosa ya fundi mbaya, anayaita matibabu. Wala hajui kwamba analisema jambo hilo. Amelipokea neno kama alivyolikuta.

Nitajibiwa kwamba kosa ni la neno kupiga. Hapana. Kupiga hakuna hatia. Twapiga simu, twapiga pasi, twapiga mswaki, na mtu hupigwa picha ya eksirei kifuani bila kulia. Tukilitoa kupiga katika Kiswahili tutanyamaza nusu ya siku. Hatia ni ya shoti peke yake.

Lakini kwetu Ufipa jambo hili lina uchungu zaidi kuliko pwani, na hapa naomba wasomaji wa nchi nyingine wanivumilie. Sisi wa uwanda huu wa juu twaijua radi. Mvua zikianza mwezi wa Novemba huja na ngurumo za kutikisa mabonde, na vijiji visivyomjua mtu au ng'ombe aliyepigwa na radi ni vichache. Tena watu wa mikoa mingine hututania, husema kwamba Wafipa hutengeneza radi wenyewe na kuwatupia adui zao mchana kweupe, hata jina la Sumbawanga hulieleza kuwa ni amri ya kutupa uchawi. Sitaki kugombana nao leo. Nataka mlione hili tu: kwa wazee wetu neno umeme lilikuwa na maana moja, ule mwako wa mbinguni utanguliao ngurumo. Ni ndugu wa memeteka na metameta. Waya zilipokuja, jina la kitu cha mbinguni likapewa kitu cha duniani. Watu wengine wa mjini waliuita stimu, kwa neno la Kiingereza la mvuke, maana mitambo mingi ya zamani iliendeshwa kwa mvuke. Sisi hatukuuona upesi. Kwa miaka mingi umeme wa mji wa Sumbawanga ulinunuliwa Zambia, ukaletwa kwa waya kutoka upande wa Mbala, na vijiji vingi vilikaa gizani mpaka Wakala wa Nishati Vijijini, iliyoanza kazi mwaka 2007, ilipoanza kupeleka nguzo mashambani.

Basi mzee wa Mwazye au wa Kate ambaye tangu utoto wake alijua kwamba umeme ni kitu kiuacho ng'ombe chini ya mti, akiambiwa, "Mwanao atatiwa umeme kichwani," asikia nini? Asikia kwamba mwanawe atapigwa radi ndani ya nyumba, kwa ruhusa ya serikali. Akikataa, ni mjinga? Mimi nasema ni mtu mwenye akili aliyeambiwa neno baya.

Tuje sasa kwenye lile jina la pili, mshtuko, maana magazeti na vitabu hupenda kusema "tiba ya mshtuko wa umeme," na wasomi wetu hudhani wamekwisha kutengeneza. Neno hilo la Kiingereza nalo lilianza safari mbali. Lilitoka Ufaransa, likawa neno la vita, mgongano wa majeshi mawili. Katika karne ya 18 madaktari wa majeraha wakalichukua kwa hali ya askari aliyeumizwa vibaya, aliyepoa mwili na kulegea. Siku hizo hizo, mwaka 1746, Pieter van Musschenbroek wa mji wa Leiden, Uholanzi, alieleza jinsi alivyogusa chupa iliyojazwa nguvu ya umeme, mwili wake ukatetemeka wote. Hapo neno la vita na umeme vikaanza kukutana.

Wala kutumia umeme kwa magonjwa si jambo la jana. Scribonius Largus, mganga wa Roma katika karne ya kwanza baada ya Kristo, aliandika kwamba mwenye kuumwa kichwa awekewe samaki hai wa bahari, yule atiaye ganzi, mpaka maumivu yapoe. Wavuvi wa Kirando hawatashangaa, kwa maana Ziwa Tanganyika lina samaki wa jamii ya kambare atetemeshaye mkono wa mtu amshikaye. Samaki wa namna hiyo wa mto Nile, Waarabu humwita kwa jina litokalo katika shina lile lile lililotupa sisi neno radi. Baadaye Luigi Galvani wa Bologna alichezesha miguu ya vyura waliokufa, na Michael Faraday wa London mwaka 1831 akavumbua njia ya kuzalisha umeme kwa sumaku. Majina yao wote wawili yakageuzwa kuwa majina ya tiba za misuli. Hizo ni tiba nyingine, za umeme mdogo, nazo hazimpotezei mtu fahamu.

Tiba inayowatisha watu wetu ina historia yake yenyewe, nayo haikuanza kwa umeme hata kidogo. Hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame. Mwaka 1933 Manfred Sakel wa Vienna alitangaza tiba ya kumlaza mgonjwa wa akili usingizi mzito sana kwa dawa ya insulini, ikaitwa mshtuko wa insulini. Mwaka 1934 Ladislas Meduna wa Budapest aliwachoma wagonjwa sindano ya kafuri ili washikwe na kifafa cha muda mfupi. Alidhani kwamba kifafa na ugonjwa ule wa akili ni maadui wasiokaa katika mwili mmoja. Dhana yake haikuthibitika, lakini baadhi ya wagonjwa waliokuwa kama mawe, wasiosema wala kula wenyewe, waliinuka wakasema. Nayo ikaitwa mshtuko. Hapakuwa na waya wala mtambo wa umeme katika tiba hizo mbili.

Umeme ulikuja mwaka 1938 mjini Roma, kwa mikono ya Ugo Cerletti na Lucio Bini. Kafuri, na dawa iliyoifuata, ziliwatia wagonjwa hofu kuu kabla kifafa hakijafika, kwa hiyo watu hawa walitafuta njia ya upesi na isiyo na mateso hayo. Cerletti alikwenda machinjioni kuona nguruwe wakizimishwa kwa umeme kabla ya kuchinjwa, akaona kwamba umeme wenyewe hauwaui. Huanguka, hutukutika, na wasipochinjwa huinuka. Habari hiyo ya machinjioni imewapa wapinzani wa tiba maneno mengi ya kusema, na siwalaumu sana. Hata hivyo twajifunza neno moja: umeme ulikuwa ufunguo tu. Kilichotafutwa ni ule mtukutiko. Kama ungepatikana kwa kupuliza filimbi, wangepuliza filimbi. Ndiyo sababu madaktari wenyewe baadaye waliliacha jina la mshtuko katika maandishi yao, wakaiita tiba ya mtukutiko kwa umeme. Wao wameliacha, sisi tumeling'ang'ania, tena tumelibadili likawa baya zaidi!

Yafaa basi niseme jinsi inavyofanywa ipasavyo siku hizi. Mgonjwa hali kitu kwa saa kadhaa. Hutiwa dawa ya usingizi katika mshipa, kisha dawa ya kulegeza misuli ili mwili usiruke, na hupewa hewa ya oksijeni. Ndipo umeme uliopimwa hupitishwa kichwani kwa sekunde chache, zisizofika 10. Ubongo hushikwa na kifafa kwa muda wa nusu dakika hivi au dakika moja, na mtazamaji pengine ataona vidole vya mguu tu vikitikisika. Baada ya dakika kadhaa mgonjwa huamka. Jambo hilo hufanywa mara mbili au tatu kwa juma, na jumla mara 6 mpaka 12. Si dawa ya kila mwenye ugonjwa wa akili. Walio wengi hutibiwa kwa vidonge, sindano na mashauri. Ni kwa yule aliyezama katika huzuni hata hali wala hanywi, au yule atakaye kujiua, au yule aliyeganda kama mti. Katika hesabu zilizokusanywa nchi za nje, vifo vilionekana kuwa kama 2 kwa kila tiba 100,000.

Mbona basi watu waogope? Wasiambiwe kwamba hofu yao ni ushenzi, maana ina mizizi ya kweli. Kwa miaka mingi ya mwanzo tiba hii ilifanywa bila usingizi, na wako waliovunjika mifupa ya uti wa mgongo kwa nguvu ya mtukutiko. Zilikuwako hospitali za Ulaya na Marekani zilizoutumia mtambo kama fimbo ya kumwadhibu mgonjwa msumbufu. Hata leo wengi waliotibiwa husahau mambo ya juma au miezi iliyotangulia. Mara nyingi kumbukumbu hurudi, lakini nyingine hupotea moja kwa moja, na daktari asiyeyasema hayo hamtendei haki mgonjwa. Shirika la Afya Duniani limekwisha kusema kwamba tiba hii isifanywe bila dawa ya usingizi, wala bila ridhaa ya mgonjwa aliyeelezwa yote.

Ndiyo maana nasema kwamba neno shoti lafanya ubaya mara mbili. Lamfukuza mtu ambaye tiba ingemponya, na tena lamnyima yule anayekwenda maswali ya kuuliza. Kwa maana shoti ni shoti. Nani ataiulizia shoti kama ina dawa ya usingizi? Lakini mtu aliyeambiwa kwa jina la kweli kwamba mwanawe atalazwa usingizi, na ubongo wake utatukutishwa kwa kipimo, atauliza: Ni nani atakayemlaza usingizi? Itafanywa mara ngapi? Atasahau nini? Nikikataa, iko njia gani nyingine? Hayo ni maswali ya mtu huru, na hospitali njema haiyaogopi.

Na hapa nina neno kwa madaktari na wauguzi wetu. Wengine wao, wakijua kwamba shoti inatisha, hukimbilia kusema "tiba ya umeme" na kunyamaza. Hiyo ni nguo kubwa iwezayo kuwafunika watu wengi. Tiba ya umeme ni ile ya mgongo wenye maumivu, ambamo mgonjwa husikia mchomo mdogo kama wa sisimizi. Tiba ya umeme ni kile chombo cha kuurudisha moyo uliopoteza mapigo yake, ambacho watu hukiona katika sinema wakadhani ndicho cha Mirembe. Na chini ya nguo hiyo hiyo hujificha hata udanganyifu. Mwaka 1986 iliandikwa katika The Lancet, jarida la madaktari la London, kwamba huko Ecuador watu walioumwa na nyoka walisaidiwa kwa umeme wa mota. Habari ikaenea duniani, na vyombo vikauzwa. Majaribio yaliyofuata yaliona kwamba haufai kitu. Mtu wa bonde la Rukwa, penye nyoka wengi, akisikia kwamba "umeme ni tiba," kwa nini asijaribu betri ya pikipiki na huku sumu yazidi kupanda?

Adrian Atiman, aliyezaliwa karibu na mto Niger, akauzwa utumwani, akakombolewa na kusomea uganga Malta, alifika Karema mwaka 1889 akatibu watu wa pwani yetu mpaka uzee wake. Alikufa mwaka 1956, na hospitali ya Sumbawanga yachukua jina lake. Hakuzaliwa katika lugha yetu hata moja. Daktari wa leo aliyezaliwa Namanyere au Matai hawezi kusema kwamba hana maneno.

Hospitali ya Mirembe ilifunguliwa Dodoma mwaka 1927. Imekuwako karibu miaka mia, na katika miaka hiyo yote sisi tumeipa jina lake maana moja tu, ya dhihaka. Kutoka kwetu ni safari ndefu, kupita Mbeya na Iringa, na nauli ya mgonjwa na ya mtu wa kumshika ni mahindi ya gunia nyingi. Ndugu wanaokubali kuuza mahindi hayo wamekwisha kushinda vita kubwa. Wasikutane na neno la kijinga mlangoni likawarudisha.

Mimi naleta neno tiba ya mtukutiko. Walimu walitumie shuleni, wauguzi walitumie zahanatini, na wasomaji wa gazeti hili wamsahihishe jirani asemaye shoti, kama tunavyomsahihisha mtoto. Najua litaonekana gumu kinywani kwa siku za kwanza. Mwenye neno jema kuliko hilo, liwe la Kiswahili au la Kifipa, na aliandike alilete tulipime, mradi lisiwe la waya zilizochubuka wala la radi.